Kipupwe Ndani ya Meli Kongwe

Mwezi wa sita ukishaingia, Tukuyu huishi bila mlima wake. Rungwe una mita zipatazo 2,960 kwenda juu, lakini tangu alfajiri hadi alasiri hauonekani. Kilichopo ni ukungu, na manyunyu yasiyokuwa mvua kamili wala yasiyokatika. Wachumaji wa chai huko Katumba huingia shambani wamejifunga nailoni kiunoni. Wauza ndizi sokoni husogelea majiko ya mkaa. Na ndipo husikika shauri lile lile la kila mwaka: tushuke ziwani tukaote jua, na tukishafika huko, kwa nini tusipande meli?

Shauri lina mantiki yake. Kutoka stendi ya Tukuyu hadi Kyela ni kilomita hamsini na kitu za mteremko. Kimo kinashuka kwa mita elfu moja hivi, chai inapisha kakao na mpunga, na koti lililofungwa vifungo vyote pale stendi linavuliwa ndani ya haisi kabla ya kufika Kyela mjini. Abiria anafika ufukweni amebaki na shati. Ziwa Nyasa linang'aa mbele yake. Anaamini baridi ameiacha Rungwe.

Imani hiyo haidumu zaidi ya saa mbili baada ya nanga kung'olewa.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi ya pwani, huvuma juu ya Ziwa Nyasa. Wavuvi wa upande wa Malawi huuita mwera. Ziwa lenyewe ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, limebanwa kati ya kuta za Bonde la Ufa; upepo ukishaingia humo hufuata urefu wake, na mwisho wa urefu huo ni Kyela. Wimbi linaloanzia kusini linapata mamia ya kilomita ya kukua kabla ya kupiga mchanga wa Matema. Upepo huo huo, ukiwa umekwisha kunywa unyevu wa ziwa, hugonga Milima ya Livingstone na miinuko ya Rungwe, hupanda, hupoa, na kumwaga ulichobeba. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya wilaya hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo sababu manyunyu hayaishi hata katika mwezi ambao Dodoma haioni tone. Ukungu unaomkimbiza mtu wa Tukuyu na wimbi litakalomtapisha ziwani ni kazi ya upepo mmoja. Msafiri wetu hajaikimbia baridi. Ameifuata nyumbani kwake.

Sasa meli zenyewe. Kwa miaka mingi mtu wa Rungwe aliyesema "meli" alikuwa na maana ya MV Songea au MV Iringa, vyombo vya Kampuni ya Huduma za Meli vilivyoanzia bandari ya Itungi, Kyela, na kushuka mwambao wa mashariki kupitia Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Vilibeba saruji, bati, sukari na kreti za soda kwenda, vikarudi na dagaa, samaki na watu. Kisha uzee ukavipata, vikakaa zaidi bandarini kuliko majini. Mwaka 2017 Mamlaka ya Bandari ikaleta MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, na mwaka 2021 MV Mbeya II ikaanza kazi ya kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Zote tatu ziliundwa na Songoro Marine hapo hapo Kyela, jambo ambalo kwa kweli lilistahili kelele zaidi kuliko lilizopata.

Lakini MV Mbeya II bado ni kijana. Anayetaka ukongwe wenyewe avuke Mto Songwe pale Kasumulu, apite Karonga, ateremke hadi Chilumba, kituo cha kaskazini cha MV Ilala ya Malawi. Kabla ya kufunga mzigo apige simu kwanza, maana safari za Ilala zimekuwa zikikatika mara kwa mara kwa ajili ya matengenezo, na ratiba iliyobandikwa ukutani ni nia njema tu.

Ilala ilijengwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow mwaka 1949, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa ufukweni mwa ziwa na kuanza kazi mwaka 1951. Maana yake ni kwamba ilikuwa na miaka kumi ya kazi Tanganyika ilipopata uhuru. Jina imelirithi kutoka kwa boti ya mvuke iliyoletwa ziwani mwaka 1875 na wamisionari wa Livingstonia, na boti ile ilipewa jina la mahali alipofia David Livingstone, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ina urefu wa mita zipatazo 52. Kwa macho ya aliyezoea picha za meli za kitalii zenye mabwawa ya kuogelea na ghorofa kumi na mbili, ni chombo kidogo. Kwa macho ya mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi usiku akisubiri kupandishwa, ni jengo la serikali.

Huko ndani, daraja la tiketi ndilo linaloamua mtu atakutana na kipupwe cha aina gani. Chini kabisa, kwenye daraja la bei nafuu, hakuna upepo: kuna magunia, kuku waliofungwa miguu, watoto wanaolala juu ya mizigo ya watu wasiowajua, joto la injini, na harufu ya dizeli iliyochanganyika na usipa, yaani dagaa wa ziwa hili. Mtu hatapata baridi hapo, ila chombo kikianza kwenda mrama atatamani aipate. Juu, kwenye sitaha ya daraja la kwanza, kuna hewa safi, baa, na anga lililojaa nyota ambalo watu wa Tukuyu hawajaliona tangu Aprili. Na kuna upepo. Kati ya ngazi hizo mbili ni kabini chache, ambazo hujaa mapema na ambazo kuta zake hunguruma usiku kucha.

Msafiri mwenye uzoefu akishapanda hutafuta kwanza dohani, na kiti baadaye. Upande wa dohani usiopigwa na upepo ndio mahali pa thamani kuliko pote kwenye meli kongwe wakati wa kipupwe. Chuma kina joto, na mtu akiweka mgongo hapo na blanketi mbele, anaweza kulala hadi alfajiri. Wanaofahamu hufika mapema na mkeka. Wasiofahamu huzurura sitahani saa tisa za usiku wakijiuliza kwa nini walilivua lile koti ndani ya haisi na kulikabidhi kwa shangazi wa Kyela.

Maji yenyewe hayana baridi ya kutisha. Kwenye Julai na Agosti uso wa Ziwa Nyasa hukaa karibu na nyuzi 23 au 24, wakati Tukuyu usiku hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tatizo ni mwendo. Meli inayokwenda kusini inakutana na upepo kwa omo, kasi ya upepo na kasi ya chombo zinajumlishwa, na rasharasha za maji zinaruka hadi sitahani. Nguo ikishalowa kidogo, nyuzi 20 zinatosha kumfanya mtu mzima atetemeke meno. Kipande cha nailoni cha mchuma chai, kile kile kinachochekwa mjini, kingemsaidia kuliko koti la sufu.

Halafu kuna kulewa kwa mawimbi. Wimbi la ziwa si refu la pole kama la bahari kuu. Ni fupi, limesimama wima, na linafuatwa na jingine kabla tumbo halijatulia kutokana na la kwanza. Meli kubwa za kitalii za leo zimefungwa mapezi ubavuni ya kuzuia kuyumba. Vyombo vya zamani vya ziwani havina anasa hiyo. Kinachosaidia kinajulikana: kukaa katikati ya chombo na karibu na maji badala ya juu kwenye omo, kutazama mahali ziwa na mbingu zinapokutana, kula kidogo na kikavu, na kama ni vidonge vya kichefuchefu, kuvimeza kabla ya safari, kwa sababu mtu akishaanza kutapika vinatoka navyo. Mbalaga ni chakula kitukufu, na hakuna Mnyakyusa atakayekubali kisemwe vibaya, lakini sahani mbili za ndizi zilizorojeka kwa maharage nusu saa kabla ya kuondoka bandarini ni uchokozi.

Swali ambalo familia huuliza kwa sauti ya chini, mama akimshika mwanawe mkono pale stendi, ni jingine: meli ya miaka sabini na kitu haitazama?

Kwanza, chuma. Meli za maziwa yetu huishi muda mrefu kwa sababu maji baridi hayali chuma kwa kasi ya maji ya chumvi. Ziwa Tanganyika lina MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 baada ya kupaka injini grisi ili isiharibike, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ziwa Nyasa lina Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 kwa kazi ya Misheni ya Vyuo Vikuu. Boila lake la tani 11 lilivutwa nchi kavu na mamia ya watu wakikwepa maporomoko ya Mto Shire. Meli za namna hiyo hupandishwa kwenye chelezo kila baada ya muda, unene wa mabati ya tumbo hupimwa, yaliyoisha hukatwa na kuwekwa mapya. Ikiwa hilo linafanyika kwa uaminifu, miaka ya meli inakuwa kama miaka ya shoka la babu, ambalo mpini umebadilishwa mara nne na bapa mara mbili. Ikiwa halifanyiki, hata miaka kumi ni mingi.

Pili, kumbukumbu. Msiba mkubwa kuliko yote ya meli katika Ziwa Nyasa ulitokea mwishoni mwa Julai 1946, katikati kabisa ya kipupwe, upande wa kaskazini wa ziwa. Meli ilikuwa Vipya. Watu wapatao 145 walikufa maji. Na Vipya haikuwa kongwe: ilikuwa mpya, imeanza kazi mwaka huo huo. Tazama na kwingine. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua watu 228, ilikuwa na miaka kumi na minne tu na uwezo wa kubeba abiria 101. MV Bukoba, Mei 1996, haikuwa imefikisha miaka ishirini. MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, siku ya upepo mkali wa kusi, ilijengwa mwaka 1989. Ni kweli MV Spice Islander I, Septemba 2011, ilikuwa ya mwaka 1967, na anayetaka kuulaumu uzee anao mfano. Lakini hata hapo watu waliojazwa walikuwa wengi mno kupita uwezo wa chombo, na meli mpya kabisa isingewavumilia. Orodha hiyo ikisomwa yote pamoja, kinachorudiarudia ni wingi wa watu, shehena iliyopangwa vibaya, na hali ya hewa iliyodharauliwa. Tarehe ya kujengwa haimo katika orodha ya washtakiwa wakuu.

Chauncy Maples mwenyewe, askofu ambaye meli inaitwa kwa jina lake, alikufa ndani ya ziwa hili mwaka 1895. Mashua yake ilipinduka katika dhoruba usiku, akiwa njiani kuelekea Likoma. Alikuwa ameishi Afrika Mashariki miaka mingi na alilijua ziwa.

Kwa hiyo jambo la kuangaliwa na abiria wa kipupwe ni dogo na halihitaji utaalamu. Idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye cheti cha chombo inatazamwa pamoja na watu waliopo gatini. Maboya ya kujiokolea yanatazamwa yalipo: yametundikwa mahali mkono unafika, au yamefungiwa stoo na ufunguo anao mtu ambaye leo hayupo? Mizigo imewekwa ngamani au imerundikwa sitahani juu ya vichwa vya watu? Tangu mwaka 2018 kazi ya kukagua vyombo na kuvizuia visitoke iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa bahari na maziwa makuu, Nyasa likiwemo. Angalizo hilo husomwa redioni, kwa kawaida kati ya matangazo ya misiba na salamu, na watu wengi wa milimani hulipisha tu kwa kuwa halitaji migomba.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Anayepanda meli kongwe wakati wa kipupwe atarajie kuchelewa, na akiona kuchelewa asilalamike haraka. Mwera huvuma kwa vipindi: hukaza siku kadhaa, kisha hulala. Nahodha mzuri husubiri. Anaweza kusubiri saa sita, anaweza kusubiri hadi kesho kutwa, akiwa ametia nanga nyuma ya rasi au hajatoka gatini kabisa. Abiria watakaa juu ya mabegi wakimsema. Wenye harusi Mbamba Bay watampigia simu diwani. Mfanyabiashara mwenye nyanya ndiye atakayesema kwa sauti kubwa kuliko wote, na ana haki, nyanya zinaoza. Ila presha hiyo ndiyo imewahi kuwatoa manahodha wengi bandarini siku ambayo hawakupaswa kutoka, na nahodha wa chombo kizee anaijua injini yake: anajua kwamba ikikohoa katikati ya mawimbi hana ya akiba yenye nguvu za kushindana na upepo. Kati ya huduma zote ambazo meli ya zamani inaweza kumpa abiria wake Julai, kubaki bandarini ni bora kuliko kabini yenye feni. Asiyekuwa na siku za kupoteza apande basi.

Kuna mahali ambapo watu hulipa pesa nyingi kwa ajili ya baridi hiyo hiyo. Norwe ina meli za pwani, Hurtigruten, zilizoanza kazi mwaka 1893 na ambazo leo hupanda kutoka Bergen hadi Kirkenes, na watalii huchagua makusudi miezi ya giza na theluji. MS Lofoten ya mwaka 1964 ilikuwa na wapenzi wake waliokataa meli mpya za kampuni ile ile, wakasema hizo ni hoteli. Walitaka kusikia injini. Walitaka kuona kreti zikishushwa kwenye kijiji chenye nyumba thelathini. Meli ya kazi, hata ikibeba watalii, haisimami kwa ajili yao. Inasimama kwa ajili ya barua na samaki. Hilo Ziwa Nyasa linalo bila kulipangia matangazo.

Maana kusimama ndiko kunakofanya safari hii iwe na utajiri. Kutoka Matema kwenda kusini Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja, na kwa masafa marefu hakuna barabara inayofuata ufuko. Vijiji vimekaa kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa na mlima. Kwa wakazi wake meli ndiyo lori, ndiyo ambulensi, ndiyo duka. Wakisi wa Ikombe, mafundi wa vyungu, hupakia kazi zao kwenye mitumbwi na kuzipeleka kwenye mnada wa Lyulilo, jirani na Matema, kila Jumamosi; vyungu hivyo hupanda mlima hadi jikoni za Tukuyu na Mbeya, na mama anayechemsha maharage Makandana huenda hajui kuwa chungu chake kimeanza safari kwa mtumbwi. Wakati wa mwera mitumbwi hiyo haitoki. Bei ya chungu inapanda.

Vituo vingi havina gati la maana. Meli husimama mbali, hupiga honi, na mitumbwi au boti za meli yenyewe huja ubavuni kuchukua watu. Mchana wa shwari ni burudani: watoto wanaogelea kuizunguka, wachuuzi wanainua samaki wa kukaanga juu kwa mti mrefu. Usiku wa kipupwe ni jambo jingine kabisa. Boti inapanda mita moja na nusu, inashuka mita moja na nusu, na abiria anayeshuka ngazi lazima achague sekunde ya kuachia kamba. Wanawake wenye watoto mgongoni hufanya hivyo bila kusitasita huku kijana wa mjini aliyevaa viatu vya mpira vyeupe akiomba radhi na kurudi juu. Mabaharia hupokea watu mkono kwa mkono, hupokea mabegi, hupokea mbuzi. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, au mjamzito, hiki ndicho kipande cha safari cha kufikiriwa mapema, na kuuliza bandarini kama kituo chake kina gati ni busara kuliko kuuliza kama kuna televisheni.

Meli ikifika Liuli, abiria waliolala waamshwe. Enzi za Wajerumani mahali hapa paliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe kubwa bandarini lenye sura ya lile sanamu la Misri. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo hapo ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa miaka mingi wa Rhoades, nahodha wa Guendolen, meli ya Waingereza wa upande wa pili. Walikuwa wakikutana na kunywa pamoja. Habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja na Guendolen, akafyatua mzinga. Berndt, ambaye hakuwa na taarifa yoyote ya vita, alijitupa kwenye mtumbwi kwenda kumuuliza rafiki yake amepatwa na nini, akakamatwa mateka. Magazeti ya London yaliuandika ushindi huo kwa fahari kubwa. Ni vigumu kuutazama ufuko wa Liuli, na watu wakishusha magunia ya unga gizani, bila kumwonea huruma kidogo yule Mjerumani ndani ya mtumbwi.

Langenburg, kituo cha kwanza cha Wajerumani huku, kilikuwa ufukweni mwa ziwa. Joto na homa viliwachosha wakapanda mlimani na kujenga Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo. Walikimbia ziwa wakifuata baridi; wajukuu wa waliowaona wakihama wanakimbia baridi wakifuata ziwa.

Chakula cha ndani ya meli hakihitaji maneno mengi. Upande wa Tanzania ni wali, maharage na samaki, chai ya maziwa asubuhi. Ndani ya Ilala ni nsima na samaki wa Nyasa wa aina ya chambo, na hupikwa vizuri. Maji ya kunywa abiria abebe mwenyewe. Fedha ndogo ndogo pia, shilingi na kwacha, kwani anayeuza mihogo ya kuchoma kutoka ndani ya mtumbwi hana chenji. Simu itapoteza mtandao chini ya milima kwa saa nyingi, kwa hiyo waliobaki nyumbani waambiwe mapema kwamba kimya si dalili ya ajali. Choo kitembelewe mapema, mchana, kabla mawimbi hayajaanza na kabla watu mia mbili hawajafika huko.

Kurudi ni kwepesi zaidi. Meli inayopanda kaskazini inasukumwa na upepo ule ule kutoka nyuma, baridi inapungua kwa kuwa chombo kinakwenda nao njia moja, ingawa kuyumba kwa ubavu huongezeka na vikombe huteleza mezani. Wapo lakini wanaofika Mbamba Bay na kutangaza kwamba meli basi. Kwa hao kuna lami sasa: kilomita 66 hadi Mbinga, kisha Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, na hatimaye Tukuyu, mzunguko wa zaidi ya kilomita 600 kwa mtu ambaye nyumbani kwake ni ng'ambo tu ya maji. Basi la Songea huondoka alfajiri. Wakate tiketi ya dirisha lililofungwa vizuri, maana kabla ya kuiona Mbeya watapita Njombe, na huko kipupwe hugandisha umande juu ya viazi.